Bustani ya Majani Mekundu

"Mama Kethia, leo unipeleke hapa," alisema Patrice, akaiweka picha juu ya meza, kando ya chai ya mkewe.

Élise hakuhitaji kuitazama. Aliijua. Yeye mwenyewe amesimama katika bustani yenye miti ya majani mekundu, nyuma yake mnara wa kale, kitenge kimenyooka, meno yote nje. Picha hiyo ndiyo iliyomtoa mumewe Lubumbashi mpaka Guangzhou, Oktoba ile ya 2007, kwa nauli ambayo hawakuwa nayo.

Kwa miaka kadhaa ni Élise aliyekuwa akija China kununua mali ya duka lao. Patrice alibaki na kazi yake ya reli na watoto. Kila safari ilileta picha: Élise na mto, Élise na theluji, Élise na maua. Majirani wakaanza. Mkeo anakula raha kule, bwana! Patrice akacheka nao, halafu akaacha kucheka. Sasa alitaka kujua jambo moja tu, na hakulificha: nani alikuwa ameshika kamera hata mke wake akatabasamu hivyo? Yeye nyumbani hakumbuki lini alitabasamiwa namna ile.

"Nikimwona huyo mtu, au nisipopata jibu," alisema, "tutaongea mbele ya familia. Na China utakuwa umeiaga."

Angeweza kumwambia ukweli palepale, chai ikiwa bado moto. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa wa kijinga, na Élise aliona haya, akajidanganya kwamba huenda mambo yangejipa yenyewe. Wapi! Akaisukuma miguu yake iliyovimba ndani ya viatu, wakatoka hotelini, mtaa wa Xiaobei.

"Kwa miguu," alisema Patrice. "Mji hauonekani ndani ya teksi."

Basi wakatembea. Patrice, lazima tumpe haki yake, alikuwa na macho ya kutazama. Katika bustani kubwa ya Yuexiu alisimama kuwaangalia wazee wanaonyoosha mikono polepole asubuhi nzima bila haraka ya popote, na kina mama wanaoimba wakisindikizwa na zeze. Wakapanda ngazi mpaka kwenye sanamu ya mbuzi wa mawe.

"Hawa mbuzi ni wa nini?"

"Sijui, Baba Kethia."

Wakapanda tena, mpaka kwenye mnara wa kale wenye kuta nyekundu na mapaa yaliyopangana, kila moja likiinua pembe zake. Patrice aliinua picha, akalinganisha. Ndio wenyewe.

"Ulijengwa na nani?"

"Sijui."

"Umepiga picha mbele yake, hujui! Na majani mekundu yako wapi?"

Élise akatazama kama mgeni, maana alikuwa mgeni. Kila mti ulikuwa kijani kibichi, isipokuwa mmoja uliojaa maua ya rangi ya waridi. Patrice alikuwa amesoma kwa mapadri, na mapadri walimfundisha kwamba huu msimu wa kabla ya baridi, automne, hupaka majani rangi nyekundu. Guangzhou, yaelekea, haikusoma kwa mapadri.

"Labda ni mbele," alisema Élise.

Mbele ikawa mbele kweli. Jua la saa saba likawapiga mpaka kwenye kanisa kubwa la mawe, minara miwili imechongoka juu ya mji. Patrice akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, mdomo wazi.

"Hapa ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa napita nyuma. Nina mizigo."

Hakuamini, na hakuficha kwamba haamini. Élise akataka kulia, si kwa uchungu, kwa uchovu tu.

Nyuma ya kanisa ndiko Yide Lu, mtaa wa midoli na madaftari ya jumla. Hawajapita maduka matatu, mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka katikati ya maboksi, akavuta kigoda, akamimina maji ya moto kikombeni. Élise akakaa bila kutazama nyuma kama kigoda kipo. Patrice aliona hilo. Akabaki amesimama, picha mkononi.

"Hapa wanakujua," alisema.

"Hapa ndiyo."

Miguu ikakataa kuinuka. Na miguu ilipokataa, haya nayo ikakata tamaa.

"Twende nikuonyeshe bustani yako," alisema Élise. "Iko karibu na hoteli. Na safari hii tunapanda teksi, dis donc."

Ilikuwa chini ya daraja la magari la Xiaobei, kati ya kibanda cha kupigia simu na saluni ya kusuka: chumba kimoja cha kupigia picha, taa mbili, bibi mmoja wa Kichina mwenye miwani juu ya paji la uso. Alipomwona Élise alifurahi, akavuta kamba. Ukashuka mto. Ikashuka theluji. Ikashuka bustani ya majani mekundu pamoja na mnara wake, rangi imepasuka juu ya kitambaa, kona moja imezibwa kwa utepe wa kufungia maboksi.

Patrice akasogea, akagusa jani kwa kidole.

"Ni huyu aliyekupiga picha?"

Bibi akashika kamera, na kama afanyavyo kumchekesha kila mteja, akatoa mdomo na kulia kama bata. Patrice akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, mzigo wote wa majirani ukimtoka.

"Mke wangu, nisamehe! Lakini kwa nini hukusema?"

"Watoto walitaka kuiona China. Ningewatumia nini, picha ya maboksi?"

"Masikini." Akafuta macho. "Bon. Yameisha. Mwezi wa pili ukirudi, uchukue siku moja utembee, uone mji. Ni mzuri kweli."

Élise alikuwa amengoja kusamehewa tangu asubuhi. Sasa amesamehewa, na miguu bado inauma. Akainama, akavua viatu, kimoja, kisha cha pili, akaviweka chini ya miti ile mekundu.

"Mwezi wa pili utakuja wewe, Baba Kethia," alisema. "Mimi nitakaa nyumbani na watoto, tungoje picha. Na utabasamu."