Mikorosho ya Bimdogo Yahama Kijitoni

Mthamini Ladislaus alipofika kijitoni na kopo la rangi nyekundu, alimkuta Bimdogo akipuliza salfa kwenye mikorosho, kitambaa kimefungwa puani. Mji wa Masasi ulikuwa umeamua kukifufua kijito kile, kilichokuwa kimebaki mfereji wa maji ya kufulia na mifuko ya plastiki, na ardhi ya kingo zote mbili ilikuwa inatwaliwa kwa fidia.

"Shikamoo, Mama Ziada."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Msemaji wa eneo hili ni nani?"

Bimdogo akaenda kumwita mjomba wake na kumletea kiti. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na kwa watu wa huku ardhi ya ukoo husemewa na mjomba. Mti ni habari nyingine: mti ni wa aliyeupanda, hata kama ameupanda ukweni. Jambo hilo linajulikana kiasi kwamba hakuna anayelisema, na Bimdogo naye hakulisema. Tena mbele ya mjomba mtu hadakii maneno.

Mjomba, Mzee Abdulazizi, aliketi, akakunja kanzu magotini. "Shamba hili na vilivyomo ni vyangu," alisema.

Ladislaus, mzaliwa wa Mkunya, aliijua mila hiyo, na aliona vizuri mikono ya nani ilikuwa na salfa. Akamtazama Bimdogo. Bimdogo akatazama chini, kwa adabu. Basi Ladislaus akaipaka mikorosho yote saba alama nyekundu, akaandika jina la mzee, akaenda kwa jirani.

Baada ya wiki chache mzee alilipwa fidia ya ardhi na ya miti. Kama kulikuwa na fungu la mpwa wake, hakulitaja. Bimdogo alilia hadi macho yakamvimba.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, mikorosho ilihama. Iling'oa mizizi taratibu, ikaiinua kidogo kama mwanamke anavyopandisha kanga akivuka tope, ikashika barabara ya Newala kwa mstari, kwa mpangilio ule ule iliopandwa. Bodaboda waliipisha. Watu walitoka kuangalia, kila mmoja na swali lake: itakunywa maji wapi, imeacha mashimo makubwa kiasi gani, upi unaijua njia.

"Ule wa nyuma mbona unachechemea?" aliuliza muuza mihogo.

"Trekta liliukata mzizi mwaka juzi," alijibu fundi baiskeli, na muuza mihogo akaridhika.

Iliingia uani kwa Bimdogo, ikabanana. Mmoja ulisimama mlangoni mwa choo, ikabidi watu waingie kiubavu. Bimdogo alifurahi, wala hakuificha furaha yake. Aliimwagilia, kisha akaenda kuwapikia watoto ugali.

Jumatatu Ladislaus alikuja kuitazama. Aliizunguka, akagusa magome, akauliza imetumia muda gani njiani. Alitaka kweli kujua.

"Sasa umeona ni ya nani," Bimdogo alisema.

"Nimeona, Mama Ziada. Nilijua hata siku ile." Alivua kofia. "Lakini mzee ameshalipwa. Mti uliolipiwa fidia ni wa mradi, na miti ya mradi inakatwa kupisha kijito."

"Kijito si kiko kule bondeni?"

"Kiko kule, mama."

Wakataji walikuja na misumeno ya petroli wakati maua yanageuka korosho changa. Bimdogo aliomba wasubiri msimu upite. Walisema mkandarasi hasubiri. Mikorosho haikukimbia, ikakatwa yote. Jambo hilo lilimuuma Bimdogo kuliko misiba mingine aliyokwisha kuzika, akawaambia hivyo wakataji, nao wakampa pole. Jioni Mzee Abdulazizi alimletea sukari. Bimdogo alimwamkia, akaipokea kwa mikono miwili.

Mvua zilipoanza, kijito kilitiririka maji safi, na mradi ukatafuta kina mama wa kupanda miti ya kivuli kingoni. Bimdogo alipata kibarua, akapangiwa kipande kile kile cha ukoo wake. Alipanda vizuri, maana kupanda vibaya hajui. Kila alipomaliza mche, msimamizi aliufunga kwa kamba kwenye kigingi, kwa sababu ya yale yaliyotokea. Bimdogo alimshikia kamba.