Bendera za Ziwa Kioo

Haya jamani, sogeeni karibu, maana habari za nchi ya Tetereko hazikai kifuani mwa mtu bila kumuunguza. Nchi hiyo iko nyuma ya Mlima Tikisa, imelizunguka ziwa moja pana liitwalo Kioo. Na watu wake, waungwana kabisa, wenye adabu na taadhima, walishikilia itikadi moja ya ajabu: kwamba uso wa ziwa ndio uso wa Mola. Ziwa likitulia, Mola karidhika. Likichafuka, Mola kanuna. Basi kila alfajiri Msoma Uso, mzee mmoja mwenye ndevu safi na hadhi kubwa aitwaye Dalili, alipanda mnara wa ufukweni, akayatazama maji, kisha akapandisha bendera: nyeupe ya radhi au nyekundu ya ghadhabu. Na ukikutana na Mtetereko njiani, hakuulizi hujambo wala habari za nyumbani. Anakuuliza, "Ameamkaje?" Nawe unajibu, "Ametabasamu," au, Mungu apishe mbali, "Amenuna."

Wahenga walisema Mungu si Athumani. Hawa walimfanya Athumani kila kukicha.

Siku ya bendera nyekundu ilikuwa haramu kuanza jambo lolote. Hupandi mbegu, huposi, huolewi, huazimi wala huazimishi hata sindano. Ya jana unaruhusiwa kuyamalizia, jipya, hapana. Kulikuwa na bwana mmoja, jina lake Kesho, aliyevaa kanzu yake ya harusi mara nyingi hadi ikamchakalia mwilini. Kila akitoka nayo, upepo unavuma, bendera inageuka, naye anarudi kwao, na mchumba wake anamchungulia dirishani akicheka kicheko cha mtu anayetaka kulia.

Hata hivyo waliishi, kwa kuwa ziwa lilichafuka leo, kesho likatulia. Lakini mwaka huo Mlima Tikisa ulitikisika kwelikweli, ukafunguka ufa chini ya maji, na tangu hapo Ziwa Kioo halikutulia tena. Likafuka mvuke, likapiga ufuko kutwa kucha. Bendera nyekundu ikakaa juu hadi ikapauka. Mbegu zikaanza kuoza maghalani. Watu wakanong'ona, kwa fadhaa isiyo na kifani, kwamba Mola wa babu zao amebadilika, pengine kawachoka, au pengine kahama, na aliyebaki ni mwingine wasiyemjua tabia yake. Liwali Mashaka, mtawala wao, akawa hapati usingizi. Akifumba macho tu, anaona maji yakipanda ngazi za nyumba yake, taratibu, kama mgeni anayejua njia.

Na katikati ya taharuki hiyo, Raha, binti pekee wa Mzee Dalili, akashikwa na uchungu wa kuzaa.

Sasa fikirini wenyewe. Kuzaliwa ni kuanza, tena ndiko kuanza kwenyewe. Desturi ilisema mwanamke avumilie hadi bendera nyeupe ipande. Wengine walivumilia, na waliokufa wakivumilia walisifiwa mazikoni kwa utiifu wao. Lakini Raha angevumilia hadi lini, na nyeupe haionekani mbele wala nyuma?

Jua lilikuwa utosini Bi Yakini, mkunga wa mji, alipokuja na beseni lake mikononi. Mlangoni kwa Mzee Dalili, chini ya mnara, akaukuta umati, na mbele ya umati Liwali mwenyewe.

"Simama hapo hapo, Bi Yakini," alisema Liwali Mashaka, jasho likimtiririka. "Ukimpokea mtoto huyo leo, Mola ataliinua ziwa litumeze sote. Mwambie angoje."

"Nani nimwambie angoje, Liwali? Mtoto? Hajajifunza kusoma bendera."

"Basi mama yake ajizuie!" akadakia Kesho kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza, baba. Kungoja ni fani yako, si ya Raha."

Watu wakacheka, kisha wakakiogopa kicheko chao, wakageuka wote kutazama maji. Wimbi moja likapiga ukuta wa mnara. Na kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti ya Raha, nyembamba, imekatika katikati: "Baba! Baba, nakufa!"

Mzee Dalili alikuwa amesimama kando, mgongo ukutani, midomo ikimcheza. Tangu asubuhi alikuwa akiliomba ziwa litulie, walau kwa muda wa kupandisha nyeupe na kuishusha. Halikutulia.

"Msoma Uso," Liwali akamgeukia, "neno ni lako. Sema."

"Ziwa limechafuka, Liwali."

"Hilo naliona. Mola je?"

Mzee akafungua kinywa ajibu kama alivyojibu maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza akayasikia kuwa ni maswali mawili. Akautazama mlango wa binti yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Siku Raha alipozaliwa," alisema hatimaye, "ziwa hili lilitulia hata ukaona mawe chini. Nyeupe niliipandisha kwa mikono hii. Na magharibi nikamzika mama yake."

Akaitazama bendera iliyopauka, akaendelea.

"Asubuhi yake ikawa nyekundu. Mtoto analia njaa, mimi sina maziwa. Jirani akaja mlango wa uani, kwa siri, siku ya ghadhabu, akamnyonyesha. Nani alimtuma? Kama haya maji ndiyo uso wa Mola, basi alinipiga akitabasamu na akanilisha akiwa amenuna. Sijui kwa nini mke wangu alikufa, Liwali, na sitadai kujua. Lakini aliyeniletea maziwa hakuwa ziwa. Ziwa limebadilika. Mlima umebadilika. Yeye sijaona alipobadilika. Mimi nilikuwa nikitazama kitu kingine."

"Na tukizama?" Sauti ya Liwali ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyeamshwa na ndoto.

"Tukizama, tutakuwa mikononi mwake yule yule."

"Maneno mazuri, Mzee," alisema Bi Yakini, akimsukuma Liwali kwa kiwiko, kwa heshima zote, "lakini mimi nataka nguo. Beseni ninalo, khanga za kumpokelea sina, na majirani zako leo hawaazimishi."

Mzee Dalili akapanda mnara. Akaishusha nyekundu. Umati ukaguna kwa pamoja, akina mama wakawabana watoto wao vifuani, naye akashuka akiwa ameikumbatia, akaipitisha mlangoni. Kisha wakangoja. Maji yakapiga. Raha akapiga ukelele, akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko ukelele. Liwali akafumba macho, akayafumbua haraka.

Ndipo kikasikika kilio cha mtoto, kikali, chenye hasira za haki.

Wote wakageuka kulitazama ziwa. Halikupanda, halikutulia. Liliendelea kuchafuka vile vile, kama kitu ambacho hakikuwa kikisikiliza.

Msidhani Tetereko ilipona siku ile. Asubuhi iliyofuata wapo waliofunga mizigo waende wakatafute ziwa jingine, lenye utulivu. Wapo waliotoa mbegu nje, wakazitazama, wakazirudisha ndani. Kesho alipita akikimbia, kanzu yake iliyochakaa ikipepea, shingo kaikaza asije akatazama upande wa maji. Na mlangoni kwa Mzee Dalili, Raha akiwa ndani anakunywa uji, akaja Liwali Mashaka, macho mekundu, akautazama mlingoti usio na kitu.

"Mzee wangu," alisema polepole, "ameamkaje?"

Mzee Dalili, aliyempakata mjukuu wake katika kile kitambaa chekundu kilichopauka, alianza kuigeuza shingo kuelekea ziwani. Mazoea yana taabu. Shingo ilikuwa imefika nusu ya safari pale Bi Yakini, aliyekuwa akiosha beseni uani, alipojibu bila kuinua kichwa:

"Kwani alilala?"