Kondoo katika Mabua ya Bouazza

Bouazza alikuwa akiwanywesha kondoo wake wawili, pikipiki ya Adnane iliposimama ukingoni mwa shamba. Kijana huyo wa kampuni ya kaboni hakuwa na salamu ndefu.

"Ba Bouazza, umelima."

"Nimelima nini?"

Adnane akamgeuzia kishikwambi. Shamba la shayiri, lililopigwa picha kutoka angani, lilikuwa jekundu lote. Akili mnemba ilikwisha kuamua: udongo uko wazi, umepinduliwa, hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo imetoroka.

Bouazza akaguna. Kwa miaka minne plau haikuigusa ardhi ile. Ndivyo walivyokubaliana, ili hewa ya ukaa, yaani kaboni, ibaki udongoni, na kampuni kwa upande wake ilimletea bure mashine ya kupandia bila kulima kila mvua za kwanza zikinyesha. Akachimbua donge lililoshikwa na mizizi ya shayiri.

"Hii imelimwa? Kondoo wamekula mabua, basi."

"Naona, wallahi naona. Lakini mimi nani nibishane na mashine? Ziba pengo la ua leo, kondoo wasiingie tena, nikuombee ikuangalie upya. La sivyo, mashine ya kupandia huioni."

Mabua ya baada ya mavuno hayana mwenyewe kijijini kwao. Huingia yeyote mwenye mifugo, na kwa ukame wa mwaka huu majani makavu yalikuwa ghali kama dawa. Hata hivyo akakokota matawi ya miiba hadi penye pengo, akiona haya kama mtu anayeiba.

Lalla Yamna, mjane jirani yake, akatokea na kondoo wake, mbavu zao zinahesabika.

"Eh, Bouazza! Umeoa tena hata unajifungia?" Kisha akaitazama miiba vizuri, kicheko kikamkauka. "Na hawa wangu wakale wapi?"

Adnane alijifanya anasoma kishikwambi.

"Wapitishe, Lalla," Bouazza akasema, akiivuta miiba kando.

"Ba Bouazza, fikiria! Utapandaje bila mashine?" Adnane akadakia.

"Si imesema nimelima? Basi nitalima, isije ikaitwa mwongo."

"Ukilima, kaboni yote ya miaka minne itatoka!"

"Kumbe bado imo," Bouazza akasema, akaingia ghalani kuitoa plau.