Miguu Ndani ya Pipa

Jumatatu asubuhi msusi alibadilisha matete kwenye pipa la maji lililo mlangoni pa saluni yake. Ya wiki iliyopita yalidumu siku tatu tu, kisha yakageuka rangi ya risasi na kujilaza kama watu waliokesha msibani. Fundi bomba ndiye aliyemfunza: mizizi ya matete hunyonya uchafu wa kiwanda cha betri kilicho upande wa juu wa mto; ukiyaacha maji yatulie humo siku moja, unaweza kumpa mtoto. Tatizo ni kwamba matete ya mtoni yalikuwa yamekwisha. Mtaa mzima ulishayang'oa.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti yake wa miaka mitano, na alikuwa akisahau maneno. Alianza na kijiko, ukafuata mlango. Daktari alisema ni maji, akashauri apewe maji mengine. Mengine yapi, hakusema.

Jumatano matete ya mwisho yakafa. Alhamisi mtoto alimtazama mama yake, akafungua mdomo, akashindwa kumwita. Msusi akavua viatu, akaingia ndani ya pipa.

Kufikia adhuhuri nyayo zake zilikuwa zimetoa mizizi, myeupe na myembamba kama uzi. Maji yakatakata hadi chanuo lililopotea mwaka juzi likaonekana chini.

Wateja hawakukatisha miadi. Walisogeza viti hadi kwenye pipa, wakaegemeza vichwa, wakasukwa, na umbea ukaendelea pale ulipoachwa.

"Shoga, hiyo mizizi inauma?"

"Inawasha kidogo. Hebu inamisha kichwa."

"Na mumeo je?"

"Ananipikia. Ukiona yule kashika mwiko, ujue mtaa una shida."

Wiki ya pili mtoto aliukumbuka mlango, kisha kijiko. Wiki ya tatu akasema mama, akalirudia neno siku nzima mpaka wateja wakaziba masikio. Lakini kila kikombe alichokunywa, msusi alikisikia kikimpanda mguuni. Rangi ya risasi ilikuwa imevuka magoti.

Ndipo bwana afya alipofika na chupa zake za kupimia maji, maana watu walikuwa wamelalamika. Alimsalimia msusi, akaomba radhi kwa kumsumbua kazini, akachovya chupa ndani ya pipa.

"Kaka, chukua ya bombani," msusi alimsihi. "Huku nimeshayasafisha."

"Dada yangu, fomu inataka maji ya kunywa. Ya bombani mnakunywa?"

"Tukiyanywa tunakufa."

"Basi hayo si ya kunywa," alisema bwana afya, akafunga kizibo.

Majibu yalibandikwa ukutani mwa duka la mtaa: maji ya mtaa huu ni salama. Kiwanda kikaongeza zamu. Maji ya bombani yakaanza kutoka na utandu wa kijivu juu yake.

Mama mkwe wa msusi, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kusifu hata chai ya mkwewe, aliyasoma majibu yale mara mbili, akaja moja kwa moja hadi kwenye pipa.

"Toka humo. Umeshafanya vya kutosha."

"Siwezi, Mama. Nimejaribu. Mizizi imeshika chini."

Mama mkwe aliinama, akaitazama miguu ile.

"Hata kusimama kwenyewe unasimama vibaya," alisema. Kisha akageukia majirani. "Leteni pipa lingine."

Akavua viatu.

Kufikia mwisho wa mwezi mapipa yalikuwa kumi na moja, yamepangwa barabarani, na ndani ya kila moja mzazi wa mtu. Walipiga soga toka pipa hadi pipa. Aliyekuwa na siri ilibidi akae nayo. Bwana afya alirudi, akajaza chupa kumi na moja, akaandika kwamba hali imeboreka sana.

Jioni ile mtoto alimaliza kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama, naomba kingine."

Msusi alijipapasa. Kuanzia mapajani kushuka hakusikia kitu. Akakichukua kikombe, akainama, akakijaza hadi ukingoni.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Bado nina kiuno."