Sheria Iliyopata Jina Uzeeni

Ngojeni niwaeleze, maana mjukuu wangu Mwanatumu mwenyewe hasemi. Yuko ofisi moja ya mawakili, mtaa wa Oud Metha, huku kwa Waarabu tunakoishi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wa majaribio mkubwa wake, Bwana Thamer, akampa kazi: sheria zote za Kiingereza zilizotajwa kwenye kesi za zamani za shehena, aziandike kwa majina yake rasmi, kila moja mara moja. Akipatia, anabaki. Akikosea, khalas, arudi Lamu.

Jumatano baada ya alasiri namkuta mezani, hapa kwetu Al Qusais, chai yangu hata hajaiinjika.

"Babu usinisemeshe. Bwana Thamer kasema ziko thelathini na moja. Mimi nina thelathini na mbili."

"Si ufute moja."

"Ipi? Nikifuta siyo, nimekwisha!"

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini masikio ninayo. Nikamwambia nisomee. Akasoma, nasinzia, anasoma, mpaka akafika moja: sheria ya mwaka wa kumi na nane na kumi na tisa wa Malkia Victoria, sura ya mia na kumi na moja, ya kurekebisha sheria za hati za shehena.

"Hiyo mbona haina jina?"

"Zamani nyingi hazikupewa, babu. Walihesabu mwaka wa utawala wa mfalme na namba ya sura, basi. Mpaka 1896 bunge lao likatunga sheria nyingine ya kuzipa majina zile kongwe. Kama elfu mbili kwa mpigo."

"Zishakuwa watu wazima?"

"Nyingine zina miaka mia tano!"

Nikacheka. Maana kwetu Faza mimi niliitwa Mtoto wa Bi Zuhura wa Kisimani, cheti sina. Nilipotaka pasi ya kuja kupakia mizigo hapa Deira, nina ndevu tayari, ndipo karani akaniandika Sheikhan. Nikienda zahanati ya kwetu, kumbe nina kadi mbili, kila jina na yake. Daktari akaniuliza, "Yule mwenzako wa Kisimani mbona haonekani siku hizi? Mzima?"

"Mwana," nikamwambia, maana kisa hicho anakijua tangu mdogo, "tazama huyo wa sura mia na kumi na moja kama hana kadi ya pili."

Akanikodolea macho. Kisha akafungua jedwali la ile sheria ya 1896, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Mwaka ule ule, sura ile ile, na pembeni jina: Sheria ya Hati za Shehena ya 1855. Nayo alishaiandika, ya kumi na mbili kutoka juu.

"Babu wee! Ni hiyo hiyo moja!"

Akafuta ile ndefu. Zikawa thelathini na moja.

Kesho yake saa nane mchana simu ikalia.

"Babu, nimebaki! Bwana Thamer kauliza nani kanifunza kuzilinganisha kwa mwaka na sura."

"Ukamwambia nani?"

"Nimemwambia, yule mwenzako wa Kisimani. Kasema nimsalimie. Na kanipa orodha nyingine, sheria mia nne. Yalla, injika chai, nakuja."