Ufa Uliozibwa kwa Nyuma

"Toka kwangu, Numbi! Miye nimefanya kazi ya simenti miaka kumi na mbili kiwandani Kakontwe. Weye utanifundisha ukuta?"

"Simenti yako ni nzuri, Baba Jenny. Iko tu upande mubaya."

Simone aliacha kuanika samaki, akasogea kwa mumewe Floribert, aliyekuwa akimfokea Numbi. Ukuta ule wa zege, kando ya ziwa la Tshangalele, ndio uliozuia mawimbi yasiifikie nyumba yao. Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Mshahara ulipokatika waliiacha ya Likasi, wakaja huku kuvua. Ukuta ulikuwa na ufa mrefu. Jana Floribert aliuziba upande wa nchi kavu, kwa kuwa upande wa maji mawimbi hayakumpa nafasi. Kazi ilitoka laini kama sahani. Leo upepo wa Agosti ulivuma, na kila wimbi lilipogonga, ukuta ulinguruma tumboni.

"Shemeji, acha mafumbo," alisema Simone. "Sema."

Numbi alikuwa mpasua mawe machimboni. "Mama Jenny, sisi tukitia baruti kwenye tundu la mwamba, tunashindilia udongo mdomoni. Tusiposhindilia, nguvu inatoka bure kama ushuzi."

Simone akacheka bila kupenda.

"Tukishindilia, nguvu inakosa njia, mwamba unapasuka. Ufa wenu ulikuwa unapumua. Wimbi linaingia mbele, hewa inatokea nyuma. Sasa mumefunga nyuma."

"Maneno ya pombe!" alisema Floribert.

Simone aliweka kiganja juu ya simenti. Wimbi likaja, akahisi ukuta ukimsukuma. Pembeni palikuwa na ufa mpya, mwembamba kama unywele. Jana haukuwepo.

"Baba Jenny, njoo uguse."

Floribert akagusa, ukuta ukamsukuma naye. "Ilikuwa simenti yetu ya mwisho," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Uliumia mgongo kwa ajili yetu, aksanti. Lakini nyumba iko moja." Akamgeukia Numbi, aliyekuja na baiskeli akipigana na upepo, akapokewa kwa matusi. "Aksanti sana, shemeji. Mwingine angepita tu akanyamaza. Leo unakula kwetu. Upepo ukitulia, tutauza samaki hawa tununue simenti, mutaziba upande wa maji."

Simone akaokota nyundo, akapiga kiraka cha jana. Pigo la nne simenti ikabanduka, na hewa na maji vikamrukia usoni.

"Sogea," alisema Floribert, akimpokonya nyundo. "Unapiga kama unatwanga majani ya sombe."

Akaanza kubomoa kazi yake mwenyewe.