Shingo Bapa

Abiba Huka hakujua unyonge mbele ya hesabu, na nani angemlaumu? Miaka yote ya utafiti alifuatilia jambo moja: umbo likiachwa lijinyooshe lenyewe, linaishia wapi? Waliomtangulia walishaonyesha kwamba lenye shingo nyembamba hukatika vipande viwili. Abiba aliuongezea mlinganyo wao kiungo cha kuizuia shingo isikatike, akathibitisha kwamba umbo lolote litasinyaa likiwa zima mpaka liwe mviringo kama mpira. Leo saa nane angeitetea kazi hiyo kwa kompyuta, nyumbani Kiwanjani, apate shahada ya udaktari.

Mama yake, Halimo, alikwisha kuwatangazia majirani na kuwaalika jioni. Alikuwa uani akifukiza vibuyu vya maziwa, na kimoja kilikuwa na shingo bapa kwa kubanwa na jiwe kingali shambani. Abiba alikitazama, tabasamu lake likafutika. Uthibitisho wake wote ulichukulia kwamba shingo ni ya mviringo! Aliingia ndani mbio akapiga hesabu upya. Shingo bapa ilikatika.

Akampigia simu msimamizi wake, Profesa Marete.

"Prof, kuna kosa. Shingo ikiwa bapa, inakatika."

"Watahini wameliona?"

"Hapana."

"Basi jibu tu yale watakuuliza. Hilo tutarekebisha baadaye, pole pole."

"Lakini mimi nimeliona, Prof."

Mficha uchi hazai. Saa nane alikaa wima mbele ya kamera, akasalimu, na kabla hawajauliza neno akasema, "Dai langu kuu si kweli. Umbo linaloliangusha ni hili." Akalichora. Kwenye skrini, Marete alijifunika uso kwa kiganja. Kisha Abiba akawaonyesha, bila kumung'unya maneno, kwamba kwa kiungo chake shingo ya mviringo haikatiki kamwe, na kila swali alilijibu papo hapo.

Alipotoka, Halimo alikuwa na birika mkononi.

"Umepita?"

"Wamenirudisha mpaka mwaka ujao, nirekebishe."

"Na majirani wanakuja! Sasa unacheka nini?"

"Mama, mtahini mkubwa ameomba ruhusa atumie hilo umbo langu. Hata yeye hakuwa ameliona."

Halimo aliliweka birika chini. "Basi utawaambia mwenyewe. Mimi nilishawaambia ni daktari."

"Nitawaambia," Abiba akasema, akaenda kufungua geti.